Mafuta Yanayokauka, Miti Isiyotoroka: Ushauri kwa Mafundi wa Bule

Katika soko la Bule, kama katika masoko mengine ya Djugu, Ituri, mwiko mpya huuzwa ukimeremeta. Mchongaji ameupaka mawese asubuhi, rangi imekolea, mteja ameupenda. Baada ya wiki chache jikoni mwiko uleule unanata mkononi, unashika vumbi na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Mteja hulaumu mti. Mara nyingi mti hauna hatia. Mafuta ndiyo yaliyoharibu kazi.

Miti nayo huhukumiwa kwa haraka hiyohiyo. Huku kwetu ni rahisi kuwasikia watu wawili wakibishana juu ya mkaratusi. Mmoja anasema ni mti wa kigeni, unanyonya maji, ukatwe wote. Mwenzake anasema mti wowote unaokua upesi upandwe, mradi mbao na makaa yapatikane. Kila mmoja ana ukweli kidogo, na kila mmoja ameruka swali lenye faida.

Ushauri wangu kwa seremala, kwa kijana anayechonga mipini ya majembe na kwa mama anayesuka vikapu ni huu: usiishie kuuliza kitu kimetoka wapi, uliza kinafanya nini kikishafika. Mchikichi ni mti wa misitu yetu tangu zamani, lakini mawese yake hayaulindi mwiko. Kitani ni mmea wa mashamba ya mbali yenye baridi, lakini mafuta yake hulinda mti kwa miaka. Vivyo hivyo uko mti wa kigeni uliotulia pale ulipopandwa, na uko mwingine ulioruka ua na kulimeza bonde. Fundi hukutana na mambo haya mawili kila siku: achukue mti gani, na aupake nini. Tuanze na mafuta.

Si kila mafuta hukauka

Maji yakikauka yameondoka. Mafuta ya mimea hayaondoki. Yale tunayosema yamekauka yamevuta oksijeni kutoka hewani, chembe zake zikashikana hadi zikawa utando mgumu ndani ya vinyweleo vya mti. Mafuta yasiyo na uwezo huo hubaki majimaji, yakinasa uchafu na kuchacha polepole.

Wakemia wana kipimo cha kutenganisha mafuta hayo, kinachoitwa namba ya ayodini: ni gramu ngapi za ayodini zinazoshikwa na gramu 100 za mafuta. Namba ikizidi 130 hivi, mafuta hukauka vizuri. Kati ya 115 na 130 hukauka nusunusu. Chini ya hapo usiyategemee. Mafuta ya kitani hufika 170 hadi 200. Mafuta ya mti wa tung wa China, uliowahi kulimwa pia Malawi enzi za ukoloni, yanafuata kwa karibu. Soya na alizeti kwa kawaida huwa kati ya 120 na 140. Ufuta uko chini kidogo yao. Karanga haizidi sana 100, nyonyo iko kati ya 82 na 90, mawese kati ya 50 na 55, na mafuta ya nazi hayafiki hata 12.

Orodha hiyo inafumbua mengi ya sokoni. Mawese hayatakauka hata uyaanike mwezi mzima. Nazi haitakauka kabisa. Mafuta ya nyonyo, yanayotoka kwenye mbarika unaoota wenyewe kando ya nyumba, ni mazuri kwa ngozi ya mkanda au ala ya kisu kwa sababu hubaki laini, na hiyohiyo ndiyo sababu hayafai kwa kiti. Viwandani huyaondoa maji kwa joto na kemikali mpaka yakapata nguvu ya kukauka, jikoni hatuwezi. Siagi ya shea inayotoka Uganda ya kaskazini ni dawa nzuri ya mikono iliyopasuka kwa tezo na msasa, lakini juu ya mti haikauki.

Kwa hiyo ukipata mafuta ya kitani mjini Bunia, hayo ndiyo ya kwanza. Ukiyakosa au bei ikikushinda, tumia soya au alizeti, ukijua kwamba utahitaji subira na tabaka nyembamba zaidi. Lakini soma lebo. Bidoni nyingi zinazouzwa kwa jina la mafuta ya kupikia ni mawese yaliyosafishwa na kuondolewa rangi. Yanaonekana meupe na mepesi, tabia yake ni ileile ya mawese. Alizeti nayo ina aina mpya iliyozalishwa ili mafuta yake yastahimili kukaangia, na aina hiyo hukauka vibaya sana.

Kama huna lebo, fanya jaribio la kioo. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kisafishe kwa sabuni na kukausha. Weka tone moja la kila mafuta uliyonayo, ulitandaze kwa kidole hadi libaki kivuli tu juu ya kioo, kisha uandike jina lake pembeni kwa kalamu. Kiweke kioo dirishani, mbali na moshi na vumbi la barabara. Kila asubuhi gusa ukingo wa kila doa. Kitani kitaanza kunata, kisha kitakuwa utando unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Soya na alizeti zitanata kwa muda mrefu kabla ya kushika. Mawese yatateleza chini ya kidole siku ya mwisho sawa na siku ya kwanza. Kwa jaribio hilo lisilokugharimu kitu, utajua ukweli wa bidoni kabla ya kuharibu viti kumi.

Namna ya kuupaka mwiko

Tuchukue mwiko wa bugali, kwa sababu unaoshwa, unapata joto na unaguswa na chakula kila siku. Ukipita mtihani huo, kiti hakitakushinda.

Mti uwe mkavu kwanza. Mafuta hayaingii palipojaa maji; yatafunga unyevu ndani, na mwiko utaota ukungu mweusi. Ukishauchonga kwa kisu, ukwangue kwa kipande cha chupa kilichovunjika vizuri, ukifuata nyuzi za mti, kisha upige msasa. Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka: ulowanishe kwa kitambaa chenye maji na uuache ukauke. Utaona vinyuzi vimesimama na mwiko unakwaruza. Upige tena msasa laini. Mwiko ulioandaliwa hivi hautasimamisha vinyuzi tena mama akiuosha mara ya kwanza.

Pasha mafuta moto kidogo kwa kuweka kikopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kamwe usikiweke juu ya moto wenyewe. Mafuta ya vuguvugu ni mepesi na huzama ndani zaidi. Paka kwa kitambaa, ukiongeza pale mti unapokunywa, hasa kwenye ncha na kwenye kisahani cha mwiko ambako nyuzi zimekatwa. Subiri dakika 15 hadi 20. Kisha futa yote, na ninaposema yote sina maana nyingine: futa hadi mkono ukipita haubaki na mng'ao wa mafuta. Mafuta yanayobaki juu hushika ngozi upande wa nje huku ndani yakibaki mabichi, na hapo ndipo kunata kunakoanzia.

Utundike mahali pakavu penye hewa na mwanga wa jua kwa siku kadhaa. Katika nyanda zetu hizi za juu, zenye ukungu wa asubuhi na mvua nyingi, kila tabaka linataka muda mrefu kuliko vitabu vya nchi za joto vinavyosema. Likikauka, pitisha msasa laini na upake tena. Tabaka tatu zinatosha. Baada ya la mwisho, acha mwiko ukae kama mwezi mmoja kabla ya kuupeleka sokoni. Harufu ya mafuta ikiisha kabisa, kazi imekamilika.

Mweleze na mteja wako. Mwiko uoshwe kwa maji ya vuguvugu, usilowekwe usiku kucha ndani ya sufuria, usikaushwe juu ya mafiga. Ukianza kupauka, apake tone la mafuta yaleyale na kufuta. Kwa kinu cha sombe na ubao wa kukatia nyama, ushauri ni huohuo, ila ndani ya kinu ni bora kuacha mti mtupu kuliko kuweka mafuta usiyoyajua.

Wafugaji wa Maziwa Makuu walikuwa na njia yao kabla ya mafuta ya dukani: chombo cha maziwa kilifukizwa kwa moshi wa nyasi au vijiti vilivyochaguliwa, na moshi huo ukasaidia kukilinda na kuoza. Ni maarifa yenye thamani, na mwenye mzee anayeyajua nyumbani amuulize angali yupo.

Nta ya nyuki

Kwa stuli, mpini, kibuyu na kinyago, ongeza nta. Nta haizami sana wala haiwi ngumu kuliko mafuta yaliyokauka, lakini inateleza vizuri mkononi, inazuia maji kidogo na kutoa mng'ao mpole ambao vanishi haiwezi kuuiga.

Nta inayotoka kwa warina asali huwa na uchafu. Ivunje, itie katika sufuria ya zamani yenye maji, ipashe polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za selsiasi, kwa hiyo hakuna haja ya maji kuchemka kwa nguvu. Chuja kwa kitambaa, acha ipoe, nayo itaelea juu na kuganda sahani moja ya manjano. Kwangua uchafu ulioganda chini yake. Pima sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya kitani au soya, ziyeyushe pamoja ndani ya kikopo kilichowekwa katika maji ya moto, uikoroge, uiache igande iwe laini. Paka kwa kitambaa, subiri, sugua hadi ing'ae. Ukipaka nta kwanza, mafuta hayataingia tena, basi mafuta yatangulie daima.

Moto na sumu

Hapa naomba usome polepole. Mafuta yanayokauka hutoa joto wakati yanapovuta oksijeni. Juu ya mti joto hilo hutawanyika. Ndani ya kitambaa kilichokunjwa na kutupwa pembeni halina pa kutokea. Linaongezeka mpaka kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti, pengine saa kadhaa baada ya fundi kulala. Kitani ndiyo hatari zaidi. Mahali ambapo watu wanaishi chini ya bashi na nyasi, nyumba kwa nyumba, kama katika kambi za waliokimbia vita huku Djugu, kitambaa kimoja kinaweza kuteketeza safu nzima. Kwa hiyo kila kitambaa kilichotumika kitandazwe wazi nje, kimoja kimoja, hadi kikauke na kuwa kigumu, au kiloweshwe ndani ya ndoo ya maji. Usikirundike, usikiweke katika mfuko wa plastiki, usikiache ndani.

La pili ni mafuta machafu ya injini, ile vidanje inayomwagwa na mafundi wa pikipiki. Haina bei, inatia rangi ya kahawia nzuri, inafukuza mchwa, ndiyo maana wengine huipaka hata kwenye viti. Imebeba chembe za vyuma na mabaki ya mafuta yaliyoungua ambayo ni sumu kwa ngozi na kwa udongo. Isiguse kitu kitakachokaliwa na mtoto, wala mpini utakaoshikwa kutwa, na jikoni isikaribie kabisa.

La tatu: kitani kinachouzwa kwa jina la kuchemshwa kwa kawaida kimeongezwa chumvi za madini ili kikauke haraka, na zamani risasi ilikuwa mojawapo. Kitumie kwa milango na viti, si kwa mwiko. La nne: mbono kaburi, ule unaopandwa kuwa uzio, una mafuta mengi lakini ni sumu. Mbegu za mbarika nazo zina sumu kali, ingawa mafuta yake yaliyosafishwa hayana. Mtoto asiachwe kuzichezea.

Mti unaopatikana

Mbao tunazozijua kwa sifa, mvule na jamii ya mahogani inayoitwa libuyu, hutoka misituni upande wa Mambasa, na nyingi hupanda malori kwenda Uganda na Kenya. Kwa mchongaji wa Bule zinapatikana kwa bei ya kigeni. Kilichopo karibu ni mkaratusi, na mkaratusi una tabia yake.

Shina lake hukua likiwa limejibana ndani, na likipasuliwa, mbao hukunjika na ncha hupasuka. Dawa yake ni kwenye siku ya kwanza. Mara tu gogo linapokatwa, paka ncha zake zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mabaki, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavu. Panga mbao kivulini, juu ya ardhi, ukitenganisha kila ubao na wa chini yake kwa vijiti vya unene mmoja vilivyosimama mstari mmoja, kisha uweke mawe juu. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila sentimeta mbili na nusu za unene. Anayechonga mwiko anaweza kuuchonga kwa ukubwa wa kukadiria mti ukiwa mbichi, akaufunika kwa maranda ukauke taratibu, na kuumalizia baadaye.

Usidharau miti ya shambani. Mbuni mzee unaong'olewa hutoa mti mgumu wa nyuzi laini, unaofaa vijiko vidogo. Mparachichi hutoa bakuli. Grevilea ina mchoro mzuri wa kuonyesha kwenye kiti ukiupaka mafuta. Kati ya hiyo yote, hakuna hata mmoja ulio wa asili ya Ituri. Buni ya arabika ilitoka Ethiopia. Ni robusta ndiyo inayoota yenyewe katika misitu ya Kongo. Mparachichi ulitoka Amerika ya Kati, grevilea na mkaratusi Australia. Tungeanza kukata kila mgeni, tungelala njaa na kukaa chini.

Mgeni na mvamizi

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wataalamu wa mazingira wanafanya kazi kwa mantiki hiyohiyo. Spishi ngeni ni ile iliyoletwa na watu nje ya makazi yake. Spishi vamizi ni ile ngeni inayoenea yenyewe na kuwadhuru wenyeji. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unazitaka nchi kuzuia na kudhibiti zile zinazotishia mazingira, makazi au spishi nyingine, si kila kilichotoka nje. Ripoti ya IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai, iliyotolewa mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya spishi 37,000 zilizohamishwa na watu duniani, na kati yake zaidi ya 3,500 ndizo zenye madhara yaliyothibitishwa. Yaani wageni walio wengi hawana kesi. Lakini wachache wenye kesi wanagharimu: ripoti hiyo ilikadiria hasara ya zaidi ya dola bilioni 423 kwa mwaka 2019.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unaogelea. Sangara, tunayemwita kapiteni, ni samaki wa asili wa Ziwa Albert, chini ya milima yetu. Wavuvi wa Tchomia na Kasenyi humvua bila kumlaumu. Miaka ya 1950 na 1960 alipelekwa Ziwa Victoria. Huko alikula mamia ya aina za samaki wadogo, na nyingi zikatoweka. Samaki ni yuleyule. Kwetu ni mwenyeji, kule ni mvamizi, na sasa kule pia ni biashara kubwa ambayo hakuna serikali inayotaka kuipoteza.

Mimea ina hadithi za aina hiyo. Kibobakasi, mti wetu wenye maua mekundu, umeorodheshwa miongoni mwa wavamizi 100 wabaya zaidi duniani kwa yale unayofanya katika visiwa vya Pasifiki. Mchikichi wetu ulipandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848, miche minne tu, na leo Asia ndiyo inayotuuzia mawese katika bidoni. Mkaratusi, kwa upande wake, hauenei sana peke yake katika nyanda zetu. Ukikatwa huchipua kwenye kisiki chake, ukipandwa hukaa ulipopandwa. Kosa lake ni kiu, na hilo ni kosa la anayeupanda kandokando ya chemchemi. Hata hivyo, Afrika Kusini mmoja wa jamii yake umetangazwa kuwa mvamizi kwa sababu umejaa kando ya mito. Tabia ya mti hupimwa mahali ulipo.

Muwati nao ni wa Australia, ulipelekwa Natal, Afrika Kusini, mwaka 1864, ukapendwa kwa kuni, nguzo na gome lake la kutengenezea ngozi. Mbegu zake hulala udongoni kwa miongo, na moto wa nyika huziamsha zote kwa pamoja. Ukipanda mmoja kando ya malisho na kuchoma nyasi kila kiangazi, unajitengenezea msitu usioutaka. Huyo ndiye mgeni wa kupewa jembe mapema.

Wakenya wa Baringo walilipia somo hili. Mti wa mathenge uliletwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kushika udongo na kutoa kuni. Ulishika udongo, kisha ukashika malisho, njia na kingo za maji. Maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi wa jamii ya Ilchamus walikwenda mahakamani, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Ubao wa mathenge ni mgumu na mzuri kwa fanicha, na makaa yake ni bora, lakini uzuri huo haukuuzuia kuenea.

Kuchonga kilichovamia

Kutumia mvamizi kwa kazi ya mikono ni wazo jema lenye mitego. Mashina ya gugumaji hukaushwa na kusukwa kuwa vikapu, viti na mikeka katika nchi nyingi, na mmea huo umefika Ziwa Albert kama ulivyofika mto Kongo katika miaka ya 1950. Ukitaka kuutumia, uchukue mashina pekee, uyakate na kuyakausha ufukweni hadi yawe makavu kabisa. Ukikosa ukavu huo, kikapu kitaota ukungu. Usipandishe mmea mbichi wenye mizizi hadi kwenye mabwawa ya milimani, hata kwa urembo wa bustani. Kisha usidhani vikapu vitaliokoa ziwa. Katika Ziwa Victoria gugumaji lilipungua hasa baada ya kuachiliwa wadudu wanaolila, kazi iliyoanza Uganda mwaka 1995, si kwa sababu ya wasusi. Mafuta ya kitani hayafai kwa kikapu chake. Yatafanya nyuzi ziwe na rangi ya madoa na kuongeza hatari ya moto. Kiache kikavu.

Wachongaji Wakamba wa Kenya walipoona muhugu na mpingo vinaadimika, wengi walihamia mwarobaini, mti uliotoka India. Hatua hiyo ilipumzisha miti ya asili, na kwa kuwa mwarobaini huenezwa na ndege na popo katika misitu ya pwani, kuukata kunaisaidia misitu hiyo. Somo kwao na kwetu ni moja: soko la mti vamizi likikua sana, atatokea mtu wa kuupanda ili auze. Hapo dawa imegeuka ugonjwa.

Kabla ya kupanda mche wowote usioujua, jiulize maswali matano. Je, mbegu zake zinabebwa na ndege, mbuzi au maji? Je, unachanua na kuzaa ukiwa mdogo? Je, umeshasumbua watu penye hali ya hewa ya baridi na mvua kama yetu? Je, ukikatwa au kuchomwa, unarudi kwa wingi zaidi? Na je, kuna mti wa kwetu unaofanya kazi hiyohiyo? Majibu mawili ya kwanza yakiwa ndiyo na la tatu pia, acha. Ukipata shaka, kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA cha Nioka, Mahagi, kipo; uliza watu wa kilimo kabla ya kununua mifuko mia ya miche. Mkaratusi uupande mbali na chemchemi na mabonde ya mboga, na kwa kila safu yake weka miti michache ya asili kwenye ukingo wa maji.

Bule imepokea watu wengi waliokimbia, na kila moshi unaopanda asubuhi umekula mti. Katika mahali kama hapa, mwiko unaodumu miaka kumi badala ya miezi sita ni mti ambao haukukatwa. Basi mafundi, msitoe tena sokoni kazi iliyopakwa mawese na kuitwa imemalizika. Pimeni mafuta yenu juu ya kioo, pakeni kidogo, futeni vizuri, tandazeni vitambaa nje, na mche mnaoupanda leo muujue kwa matendo yake.